Madirisha Manne ya Mti wa Fidencio

Nisikuzungushe: nilimchukia Yadira Quechulpa siku ile ile ya kwanza, kabla hajavua hata koti. Si kwamba alinikosea. Aliingia, akanisalimia vizuri, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita doña. Aliyekosea ni Dr. Baltazar. Mzee alifungua droo yake, akatoa ufunguo wa makabati ya ukoo wa laureli, ukoo wa miparachichi na midalasini, akamkabidhi yule binti mbele yangu huku anacheka kama mtu aliyepata mjukuu. Mimi nimefanya kazi katika ile nyumba ya mimea mikavu, pale Xalapa, miaka thelathini na moja. Kila nikiutaka ufunguo ule lazima nimwombe, na niurudishe kabla ya chakula cha mchana. Binti wa miaka ishirini na tisa kapewa kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

"Doña Obdulia atakusaidia," mzee akamwambia. "Huyu ndiye mikono yetu."

Mikono! Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Kazi yangu ni kubandika mimea. Tawi likishabanwa likakauka, naliweka juu ya karatasi nene, nalishona kwa uzi pale shina lilipo nene, nabandika lebo kona ya chini kulia: namba, mahali, jina la mkusanyaji. Maua yaliyodondoka nayatia kwenye kibahasha. Baadaye wataalamu wakija kusahihisha, kila mmoja anaandika kikaratasi chake, anatia sahihi na tarehe, nami nakibandika hapo hapo. Vikaratasi vya watu nimebandika maelfu. Cha kwangu hakuna, maana anayeshona haulizwi maoni. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna karatasi hata moja, narudia, hata moja, ambayo nilichanganya tawi la mti huu na ua la mti ule. Kwetu huo ndio uchafu mkubwa kuliko wote. Mtu anaweza kuja kazini amelewa na akasamehewa. Akichanganya karatasi haaminiwi tena.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe. Baba yangu, Don Fidencio Tepetla, ndiye aliyekuwa akiwapandisha hao madaktari milimani kwetu Ahuacatitla, ambako ukungu unashuka saa nane mchana na hauondoki mpaka kesho yake. Baba aliijua miti ya bonde lile kwa pua. Anakwaruza ganda kwa ukucha, ananusa, anakwambia: huyu ndugu yake parachichi, huyu ndugu yake mdalasini, huyu kafuri imempitia kwa mbali. Hakumaliza hata darasa la tatu. Dr. Baltazar aliandika vitabu vitatu kwa pua ya baba yangu, na ukifungua makabati, mkusanyaji ni B. Ochoa, B. Ochoa, B. Ochoa. Baba hayumo. Nimemtafuta. Kwenye lebo moja tu, ya mwaka wa themanini na nne, imeandikwa "pamoja na mwongozaji", basi, kama vile nyumbu wa mizigo.

Ila upo mti mmoja. Uko bondeni, peke yake, mrefu kupita mnara wa kanisa letu. Tunda lake ni jeusi, limekaa ndani ya kikombe chekundu chenye kingo mbili. Baba alimwonyesha Dr. Baltazar mwaka ule nilioanza kazi. Mzee akaligeuza lile tunda, akaligeuza tena, akakiri haujui. Na katika ukoo huu tunda peke yake halitoshi kuupa mti jina, wanataka ua. Ua la laureli ni dogo kama punje ya mchele. Ndani yake mna stameni tisa, vijiti vyake vya kiume, na kila stameni inatoa chavua kupitia vidirisha vyenye vifuniko vinavyojikunja kwenda juu. Kuna miti yenye vidirisha viwili na kuna yenye vinne. Dr. Baltazar alipanga makabati yake yote kwa hesabu hiyo, huku Wawili, kule Wanne. Mti wa baba haukuwa huku wala kule. Unachanua siku nne tu kwa mwaka, juu kabisa, ndani ya ukungu, na hakuna aliyewahi kuyafikia maua yake. Karatasi yake ililala kwenye jalada lililoandikwa "Haijulikani".

Baba alipofariki, miaka kumi na minne iliyopita, Dr. Baltazar alisimama kando ya kaburi, kofia mkononi. "Obdulia," akaniambia, "siku tukipata maua, mti ule utaitwa kwa jina la Fidencio. Nakuahidi." Nikaishika ahadi hiyo kwa kucha na meno. Mimi sina mtoto, na nyumba yetu ya kijijini paa limeshaanguka. Jina la mti halianguki. Likishachapwa limechapwa, hata sisi sote tufe. Hicho tu ndicho nilichokitaka duniani, na nilikuwa tayari kukisubiri.

Ndipo akaja Yadira na chupa zake.

Yeye vidirisha havikumshughulisha. Anachukua kipande cha jani kikavu kama ukucha, anakisaga, anasoma vinasaba. Haikupita miezi minane akamwambia Dr. Baltazar, tena kwenye chumba cha kahawa watu wote wanasikia, kwamba makabati yake yamepangwa vibaya.

"Daktari, usinikasirikie," akasema. "Vidirisha vinadanganya. Huu ukoo ni mkongwe mno, ulikuwepo enzi za dinosaria. Maua yao yapo mpaka kwenye mawe, madogo vile vile. Muda wote huo vidirisha vimekuwa vinne, vikaungana vikawa viwili, kule Asia kivyake, huku kwetu kivyake, mara nyingi tu. Kuna Wawili ambao ndugu zao wa damu ni Wanne. Wawili wenzao wamefanana nao sura tu."

Nikasema moyoni, haya bibie, leo unafungasha. Dr. Baltazar aliwahi kumfukuza mtu kwa kuweka kikombe juu ya jalada. Mzee akavua miwani. "Nilikuwa nashuku hivyo siku nyingi," akasema. "Nilikosa moyo wa kusema." Kisha akainuka akammiminia yule binti kahawa. Yeye mwenyewe! Mimi kahawa nimejimiminia miaka thelathini na moja.

Basi tukaanza kuhamisha makabati. Ninaposema tukaanza, ujue ni mimi juu ya ngazi. Yeye yuko chini na orodha yake: "Doña, huyu ahamie kwa binamu zake. Doña, hawa watenganishwe, si ndugu kabisa." Jioni mgongo umekatika. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa mwema. Ananiletea tamale, ule unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda, za maharage zilizotiwa jani la parachichi, za moto, anasema mama yake kanikumbuka. Ananiuliza habari za goti langu. Mtu ukimchukia basi naye akusaidie kidogo, awe na kiburi, awe mchoyo. Huyu hakuniachia hata nafuu hiyo.

Mwaka mpya ulipoingia, mwezi wa kwanza, akaja mezani kwangu macho yanameremeta.

"Doña! Ule mti wa Ahuacatitla, wa kwenye jalada la Haijulikani. Nimesoma jani lake. Hauna ndugu wa karibu hata mmoja! Tawi lake lilijitenga zamani, zamani sana, wenzake wote wakafa, ukabaki wenyewe kule bondeni kwenu. Ni mpya, doña. Mpya kwetu, lakini kwa dunia ni bibi kizee."

"Baba yangu alilijua hilo kwa kunusa," nikamjibu.

Akacheka, akadhani natania. "Mwezi wa tatu twende tukayatafute maua. Nitauandika mimi. Dr. Baltazar ameniachia."

Ameniachia. Neno hilo nilitembea nalo wiki nzima kama jiwe kwenye kiatu.

"Na jina?" nikamuuliza, sauti nimeilainisha kweli kweli.

Akaweka kidole mdomoni. "Jina halisemwi mpaka lichapwe, doña. Wewe tena ndiye wa kuniuliza?"

Ni kweli, ndiyo desturi yetu. Jina likivuja, mwingine anaweza kukutangulia. Lakini wiki hiyo hiyo nikawa napita na mkokoteni wangu wa majalada, na mlango wa Dr. Baltazar haukufungwa vizuri. Nikamsikia Yadira anasema, "Nimeshachagua jina. Soma." Nikachungulia. Mzee kashika kikaratasi, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye ndevu. "Asante, binti yangu," akasema. "Sikustahili."

Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefikiri nini? Kwetu mtu hauiti mti kwa jina lake mwenyewe, ni aibu kubwa. Anasubiri mwanafunzi wake amfanyie. Basi kafanyiwa! Mti wa baba umegeuzwa zawadi ya kumbembeleza mkubwa, na mkubwa mwenyewe kaipokea, ahadi ya kaburini kaimeza na kahawa. Nikausukuma mkokoteni mpaka chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikasonya mpaka mate yakanikauka.

Mwezi wa tatu tukapanda Ahuacatitla, mimi na yeye. Tukafikia kwa shangazi yangu Chona, dada yake baba, ana miaka themanini na moja na hajawahi kumsifu mtu. Kwa Yadira akayeyuka. Mara amshike nywele, mara amwongezee uji wa atole kwenye kikombe. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkanda wa ngozi wa baba, ule aliokuwa akipandia miti.

"Chukua, mwanangu," akamwambia Yadira. "Obdulia hajawahi kupanda hata mpera. Mwoga huyu tangu mdogo."

"Shangazi," nikasema, "mkanda huo niliuomba mimi. Tena mara mbili."

"Uliuomba ukautundike ukutani. Mkanda ni wa kupandia."

Yadira akanigeukia, uso umemshuka. "Doña, ukisema hapana, siuchukui."

Sasa niseme hapana mbele ya shangazi, nionekane nini? "Chukua tu," nikasema. "Usianguke." Na Mungu anisamehe, sehemu ya pili ya maneno yale sikuwa na uhakika nayo.

Hakuanguka. Alipanda kama aliyezaliwa huko juu, akapotelea ukunguni. Mimi chini, shingo imekakamaa, nasikia matawi tu. Kisha sauti: "Doña! Maua! Yapo! Jamani yananukia!" Akateremsha mfuko kwa kamba. Nikaufungua, na harufu ikanijia usoni, mdalasini na ganda la limau, na chini yake kitu kingine nisichokuwa na jina lake. Kwa dakika moja nilifurahi kama mtoto. Nilitaka kumwita baba. Kisha yeye akashuka, mkanda wa baba kiunoni, wanakijiji waliokuja kutazama wakampigia makofi, na furaha yangu ikachacha pale pale.

Kando ya mti wa baba umeota aguacatillo, mti wa kawaida kabisa, unaojulikana tangu babu zetu hawajazaliwa. Majani yao, na hata maua yao kwa macho matupu, ukiyaweka pamoja hata mimi nababaika, na huo nao ulikuwa umechanua. Yadira akakata matawi yake kwa ajili ya kulinganisha. Mti wa baba tukaupa namba 412, aguacatillo namba 413. Kichupa cha spiriti cha kuhifadhia maua kilikuwa kimevunjika njiani. Mara mvua ikashuka.

"Doña, matawi yabane wewe!" akapiga kelele. "Mimi nakusanya kamba. Maua nitayaangalia mezani yakishakauka!"

Nikawa peke yangu chini ya turubai, magoti kwenye tope, mbao za kubania mbele yangu na magazeti yameanza kulowa. Upande huu 412, upande huu 413. Nikaushika mti wa baba. Nikayakwanyua maua yake yote, nikayafunga kwenye kikaratasi, nikakitia kifuani. Kisha nikachukua tawi la aguacatillo lenye maua, nikalilaza ndani ya gazeti la 412, pamoja na majani ya mti wa baba na vikombe vyake vyekundu. Sikupanga kufanya hivyo. Au labda nilipanga tangu siku ya ufunguo, sijui. Mikono ilifanya, na wao wenyewe ndio waliosema mimi ni mikono.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Aguacatillo ana vidirisha viwili. Yadira ataona maua hayaendani na chochote alichokisoma, atachanganyikiwa, ataona haya, atauacha mti. Utarudi kwenye jalada lake mpaka apatikane wa kuitimiza ahadi.

Kumbe sikumjua. Wiki iliyofuata aliinama kwenye hadubini, akahesabu, akaruka juu. "Viwili! Doña, njoo uone, viwili! Nilisema mimi, vidirisha vinadanganya! Na hapa tena vimeungana kivyake!" Akanikumbatia. Kitu ambacho kingemshtua Dr. Baltazar na mtu yeyote wa zamani, yeye kilimfurahisha, kwa sababu ndicho alichokuwa akikihubiri. Akachora lile ua la aguacatillo kwa uzuri ajabu. Nami nikaishona karatasi ile, tawi, majani, vikombe. Karatasi yangu ya kwanza iliyochanganywa. Uzi ulinikatikia mara tatu.

Kile kikaratasi cha maua ya kweli nilikificha, siku makabati yakiwa wazi kwa kuhamishwa, katika jalada la mdalasini wa Ceylon, kabati la mwisho, ambalo hakuna mtu anayelifungua.

Miezi ikapita, nami nikajizoesha kutoliangalia kabati hilo. Alhamisi moja ya mwezi wa tisa Yadira akaja mezani kwangu na kurasa zilizopigwa chapa.

"Doña, makala yangu ya mti inatoka kesho saa nne asubuhi. Siruhusiwi kumwonyesha mtu, lakini kuna kitu ni wewe tu unayekijua. Don Fidencio alizaliwa mwaka gani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nani?"

Akaniwekea ukurasa mbele. Nikavaa miwani. Jina la mti kwa Kilatini, na neno lake la mwisho lilikuwa *fidencii*. Chini yake maelezo: kwamba jina ni kwa heshima ya Fidencio Tepetla wa Ahuacatitla, aliyeutambua mti huu kuwa wa peke yake miaka zaidi ya thelathini kabla ya mwandishi, na ambaye jina lake liliachwa nje ya lebo za wale aliowaongoza. Na mstari wa karatasi ya kielelezo, ile ambayo jina linafungwa kwayo milele: mkusanyaji, O. Tepetla na Y. Quechulpa, namba 412. La kwangu limetangulia.

"Dr. Baltazar alilia nilipomwonyesha jina," Yadira akasema. "Alikuwa kaniambia juu ya ahadi yake. Akasema hakustahili mtu mwingine amtimizie. Haya, doña, mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa thelathini na moja," nikasema.

Akaandika, akanibusu kwenye paji la uso, akaenda zake anaimba.

Nikabaki nimekaa, mikono juu ya meza. Nilijua sheria vizuri kuliko wengi wenye shahada zao. Jina linafungwa kwenye karatasi ya kielelezo, na karatasi hiyo ina maua ya aguacatillo, na katika ukoo huu ua ndilo linaloamua, na maelezo yote na mchoro wote ni wa maua hayo. Wataalamu wa ukoo huu duniani hawafiki arobaini, lakini wote wana macho. Mmoja wao siku moja ataifungua, atasema, mbona hii ni aguacatillo? Siku hiyo jina la baba linakuwa jina la ziada la mti wenye jina tayari. Linakufa. Na jina likishatumika katika jenasi moja, yaani kundi moja la miti ndugu, halitumiki tena humo, hata ukilia damu. Mti wa baba utapewa jina lingine, la mtu mwingine. Mimi, Obdulia, kwa mikono yangu, nilikuwa nimemzika baba yangu mara ya pili, na safari hii bila msalaba.

Na ningenyamaza? Nililifikiria hilo pia, sitasema uongo. Nililifikiria kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha kahawa. Labda asingegundua mtu mpaka nife. Lakini kila nikilisoma jina lile ningejua kwamba limekaa juu ya ua lisilo lake.

Nikaenda mpaka mlangoni kwake. Chumba hicho sikuwahi kukikanyaga tangu aje, kila kitu nilimpitishia mlangoni.

"Nahitaji ufunguo," nikasema.

"Si huo hapo, doña, nyuma ya mlango." Hata hakuinua kichwa. "Niliupigilia msumari wiki ya kwanza, ili usiwe unamwomba mtu."

Nikautazama ule ufunguo kwenye msumari wake. Mwaka mzima na miezi. Nikauchukua, nikaenda kwenye mdalasini wa Ceylon, nikarudi na kikaratasi, nikakiweka mbele yake.

"Haya ndiyo maua ya mti wa baba. Yale uliyoyachora ni ya aguacatillo. Niliyabadilisha mimi, siku ile ya mvua, chini ya turubai."

Akanitazama kama anasubiri nimalize utani. Alipoona sicheki, akakifungua kikaratasi. Harufu ilikuwa imebaki kidogo, kidogo sana. Akalichemsha ua moja kwenye maji, kama tunavyofanya, likalainika, akaliweka chini ya hadubini. Alihesabu, akahesabu tena.

"Vinne," akasema.

Akasogea, akaniachia kiti. Nikainama. Vidirisha vinne kwenye kila stameni, viwili juu na viwili chini, vifuniko vimejikunja safi kabisa. Nimeona vya maelfu ya miti. Hivyo ndivyo baba alivyovingoja maisha yake yote, akafa hajaviona.

"Kwa nini, doña?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Mimi nina nini?"

"Ufunguo," nikasema. "Kahawa. Mkanda. Kila kitu. Hata hizo tamale."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alipiga simu kwa wachapishaji, akawaambia wasitoe, kuna karatasi imechanganywa, ataandika upya. Alipomaliza akanipa mgongo. Kisha akauvuta ukurasa na kalamu.

"Jina litabaki la Don Fidencio," akasema. "Yeye hakukosa."

"Asante, mwanangu."

"Ngoja." Akapiga mstari juu ya O. Tepetla. Mstari mmoja, ulionyooka. "Mkusanyaji ni mtu anayeapa kwamba tawi hili na ua hili vimetoka mti mmoja. Siwezi kuandika hivyo juu yako, doña. Natamani ningeweza."

Nikaitikia kwa kichwa. Miaka thelathini baba aliachwa nje ya lebo bila kosa lolote. Mimi nilikuwa nimewekwa, na nikajitoa.

Na ile karatasi iliyochanganywa? Kwetu karatasi haitupwi. Hata ikiwa na kosa inatunzwa, na anayejua kosa anaandika kikaratasi na kukibandika juu yake. Yadira akafungua kisanduku, akatoa kikaratasi kitupu, akanisogezea pamoja na kalamu yake.

"Andika wewe," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Nikaandika kwa herufi zangu za shule ya kijijini: Maua haya si ya mti huu. Nilichanganya mimi, kwa makusudi. O. Tepetla. Nikatia tarehe. Nikakipaka gundi, nikakibandika, kimekaa sawasawa, hakuna hata kona iliyoinuka. Ndani ya makabati yale yote, hicho ndicho kikaratasi changu pekee chenye sahihi. Kimo kwenye jalada la baba.

Karatasi mpya, yenye tawi jingine la 412 na maua ya kweli, Yadira aliishona mwenyewe. Nilimkuta Jumatatu kainama mezani kwangu, ulimi nje, sindano inamchoma vidole. Uzi kaulegeza, shina linacheza. Ukiifungua mara mbili tatu tawi litateleza.

"Nipe nikukazie," nikamwambia. "Dakika moja tu."

Hakuinua macho. "Hapana, doña," akasema taratibu. "Acha tu."